Fundo la Kitenge

"Fabien alilia, jamani!" Mama aliwaambia wageni, akicheka. "Wakati wa vita, askari walikuwa wanakamata wavulana. Nikamufunga kitenge kama binti, tukavuka mto Lualaba. Kufika ng'ambo, mutoto analia kwa aibu!"

Wageni walicheka. Fabien, mtu wa miaka arobaini sasa, aliangalia mikono yake.

Wavulana wenzake walichukuliwa siku ile. Yeye, kitenge kikiwa kimembana kiunoni, alihisi kwa mara ya kwanza kwamba mwili wake umekubaliana naye. Furaha hiyo ameionea aibu miaka yote.

Wageni walipoondoka, alisema polepole: "Mama, sikulia uliponifunga. Nililia ulipofungua."

Mkono wa Mama ukaenda kwenye fundo la kitenge chake, ukabaki hapo.