Sinia Lililofunikwa Kanga

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwatime alisimama mbele na kipaza sauti, akieleza kuwa mchango wote utakwenda kwa watafiti wa ugonjwa wa kusahau, uliompata mama yake. Picha ya mama ilikuwa mezani. Kando yake palikuwa na sinia lililofunikwa kanga, na watu walipita mmoja mmoja kuingiza noti chini ya kanga ile.

Mama mwenyewe, Bi Siwema, aliinuka kutoka kiti cha mbele. Alijitanda mtandio vizuri, akafungua fundo la pindo lake, akaingiza noti moja. Kisha akaitazama picha, akamshika Mwatime mkono.

"Pole, mwanangu. Marehemu ni nani wako?"

Kipaza sauti kilinasa kila neno. Mwatime alijaribu kuuchomoa mkono, mama akaukaza.

"Mama yangu," akajibu.

"Basi lia. Usiogope, nitakaa nawe mpaka arobaini."

Bi Siwema akavua viatu, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akamvuta binti yake akae kando yake.