Ngiri Amlewesha Mjumbe

Hapo kale Ngiri na Digidigi walishindania kisima kilichokuwa ng'ambo ya mbuga kavu. Atakayetangulia kufika ndiye angekimiliki.

Ngiri alijiona mjanja, akamaliza kibuyu kizima cha pombe ya ndizi.

"Nimejaza akiba ya safari," akasema.

Digidigi alikunywa maji tu.

Kwenye kila kichaka Ngiri alisimama kukojoa. Katikati ya mbuga ulimi ulimkauka, akaanguka; Digidigi akasimama kando yake.

"Dada, akiba yangu imekwenda wapi?"

"Kaka, ubongo una mjumbe wake, homoni, anayeziambia figo zibane maji. Wewe umemlewesha kwa pombe, figo zikayaachia."

Digidigi akachukua kibuyu kitupu alichobeba Ngiri, akatangulia kisimani, akashinda, akarudi na kibuyu kimejaa maji.

"Kunywa, jirani. Karibu kisimani, mjumbe wako akishalevuka, pombe ikimtoka."

Ngiri akanywa yote. Kutoka hapo hadi kisimani hakusimama kwenye kichaka hata kimoja.