Magoti Yasiyo na Mwenyewe

Goti la Klaudia lilikunjika tena, na Dakta Muharami akatabasamu. Akachora kistari kwenye kadi yake, akageuka, akaanza kupita upya kati ya meza za kuchambulia kahawa.

Magoti hayo alikuwa ameyaota tangu Dar es Salaam. Huko alishinda maktaba akipekua majarida ya Ulaya yanayochunguza jinsi kazi inavyomchosha binadamu, akaona upepo unavyovuma. Kwanza yalitamba macho. Yakafuata mabega. Kisha kila mtaalamu akaukimbilia mgongo, hadi mhariri mmoja wa Uingereza akatangaza kwamba migongo sasa imetosha. Magoti tu ndiyo yalikuwa hayajapata mwenyewe.

Meneja Ndyamukama alimpokea kiwandani kama mkwe. Yeye naye alikuwa na lake. Alitaka mashine ya kuchambulia kahawa, lakini Chama kilimkatalia: mashine ingekula kazi ya wanawake wote wa pale Bukoba, na huo si ujamaa.

"Ila mtaalamu akisema kazi inawaumiza," mkubwa mmoja wa wilaya alimdokeza, "hapo hutakuwa unawafukuza. Utakuwa unawaokoa."

Klaudia hakutaka kuokolewa. Mumewe alipofariki, shemeji zake huko Muleba walichukua kibanja chote, migomba na mibuni, wakamwachia sanduku la nguo. Alibaki na vidole vyake na ile meza. Wanawake wote walijua mgeni amekuja kuamua kama meza hizo zitabaki.

Kwa hiyo siku ya kwanza walimsikiliza kwa makini.

"Akina mama, msinisemeshe," Dakta alisema. "Sitaki shikamoo, sitaki habari za asubuhi. Kelele zinaharibu utafiti. Fanyeni kazi kana kwamba sipo."

"Mtu ana kimo cha mnara wa kanisa la Kashozi," alinong'ona Kokuberwa, mkongwe wa meza ile. "Atakuwaje hayupo?"

Klaudia akamkanyaga mguu. "Nyamaza, Ma. Utatufukuzisha."

Midomo ikafungwa. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Magoti yalikunjika kwa mtindo mmoja. Mkono ulishika ukingo wa meza, goti likagusa sakafu, kisha mama akainuka na kuendelea kuchambua bila kulalamika. Dakta alipita asubuhi, akapita mchana, akapita wakati kengele ya kutoka ikilia. Kadiri alivyopita mara nyingi, ndivyo magoti yalivyozidi kukunjika. Sayansi, alijisemea, humlipa mwenye bidii.

Tena kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Wanaume waliobeba magunia mabegani, jasho likiwachuruzika, hawakuyumba hata mmoja. Akaandika kwamba goti la mwanamke ni dhaifu kwa maumbile, akaipigia mstari sentensi hiyo kwa wino mwekundu.

Mwishoni alimwita Klaudia pembeni.

"Magoti yanauma, mama?"

"Yanauma, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya.

"Tangu lini?"

"Ni siku hizi za karibuni tu. Lakini kazi naiweza, waitu. Usiniandike vibaya, nakuomba."

Dakta akaandika: *Mfanyakazi anaficha maradhi kwa hofu.*

Makala ilipokelewa Uingereza kwa shangwe. Kabla ya mwaka kwisha, wataalamu wa nchi tatu walikuwa wameshayarukia magoti, kila mmoja akimtaja Muharami wa Tanzania, na Muharami wa Tanzania akawa profesa. Ndyamukama alisoma sentensi ya mwisho tu ya ripoti, kwa sababu ndiyo aliyoihitaji. Mashine ikaja ikiwa imefungwa maua.

Siku ya kuizindua, Profesa alialikwa kuhutubia. Mkubwa wa wilaya alitamka kwamba mwanamke wa Kagera sasa amekombolewa. Makofi yakapigwa. Kila mchambuaji akapewa kanga moja, akaambiwa akapumzishe magoti nyumbani.

"Nipumzike nikila nini, waitu?" Klaudia alimuuliza meneja.

"Afya kwanza, mama," Ndyamukama alimjibu, macho yake yakiwa kwenye mashine.

Alasiri hiyo Profesa alikodi gari la kumpeleka Muleba. Alikuwa amesikia kwamba huko nako kuna ghala lenye wanawake wengi, na mhariri alikuwa akiomba makala ya pili upesi. Dereva alikuwa Karugendo, mtu wa Kashozi, aliyekutana naye mlangoni mwa hoteli.

Walipofika Rwamishenye, baiskeli zilizosheheni ndizi ziliwalazimisha kwenda polepole. Kando ya barabara wanawake walikuwa wakirejea makwao, kanga mpya zimekunjwa kwapani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope tupu.

Klaudia aliona gari. Akaona aliye ndani. Akaibana kanga yake kwapani, kisha goti likamshuka hadi kwenye tope. Kokuberwa akafuata. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka msururu wote ukawa chini.

"Umeona?" Profesa alimshika dereva bega, mkono wa pili ukisaka kalamu mfukoni. "Umeona mwenyewe? Hata kazini hawapo tena! Magoti ya watu hawa yamekwisha kabisa!"

Karugendo alipunguza mwendo zaidi, akamtazama mgeni wake kwa mshangao.

"Wanakuamkia, ndugu Profesa," alisema. "Mbona huitikii?"