Kifuniko cha Mzinga

Kamba nne zilikuwa bado mezani. Kifuniko chenyewe hakikuwapo.

Fundi wa kike alizitazama kamba zile, akaketi. Ndizo zilizotakiwa kushonwa chini ya kifuniko ili wanamaji waweze kukivisha na kukivua. Bila kamba, bila hata tundu la kupitisha mkono, alikuwa amewashonea gunia.

Kazi ilikuwa ya meli ya doria iliyotia nanga gatini. Ilisemekana ina mzinga mdogo mbele, ule wa kufyatua risasi mfululizo, na turubai lilitakiwa ili chumvi isiule. Hakuruhusiwa kwenda kuupima. Aliletewa vipimo kwenye karatasi, na yeye, aliyeacha shule kabla ya kuelewana na desimali, alivihesabu kwa vidole vya mikono, vikaisha, akavua viatu.

Pale karakanani kila kifuniko kilishibishwa kwanza: kilijazwa sponji na matambara ili mikunjo yake ionekane. Sehemu ya mtutu ilipolegea kama mkia wa ng'ombe, alipenyeza bomba la plastiki. Matambara yalipoanza kumwagika, akaziba chini kwa mshono wa muda. Kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi, wanamaji wawili walikuwa wameshakibeba, na tumbo lake lote.

Alimweleza shangazi yake, mwenye karakana, kwa sauti ya kutangaza msiba. Juma lililopita alikuwa ameshona kitambaa cha kiti pamoja na gauni alilovaa, akasimama na kiti. Siku hiyo shangazi aliapa kwamba likitokea kosa jingine, cherehani atapewa mwenye akili, na mpwa wake atarudi kwenye ufagio.

"Meli inaondoka saa nane kufukuza wezi wa samaki," alisema shangazi. "Wakitaka kupiga risasi, watawaomba wezi wasubiri wafumue?"

Fundi alichukua mkasi, akakimbia. Njia nzima alikariri sentensi moja. Alipofika gatini, ilikuwa imeshamtoka.

Gunia lake lilikuwa mbele ya meli, limeketi mahali pa mzinga kama mgeni wa heshima. Mkuu wa mizinga alisimama gatini, mikono nyuma, akilitazama kwa mbali. Alimwita baharia mmoja.

"Kutoka hapa unaona nini?"

"Mzinga, afande."

"Rudi nyuma kidogo. Sasa?"

"Mzinga, afande."

Fundi akaelewa: wamelipandisha pale ili wapate la kuchekea. Hakuwalaumu. Hata yeye angejicheka.

"Shikamoo, afande," aliviambia viatu vyake. "Mimi ndiye niliyeshona. Nimekosea, hakivuliki. Nimekuja kukifumua."

Mkuu wa mizinga aliutazama mkasi. "Usikiguse." Kisha akamuuliza mtutu umenyookaje.

"Bomba la maji, afande."

"Na tumbo?"

"Sponji. Na lile gauni langu lililochanika."

Mwanamume yule aliligeukia tena gunia. Halafu akapanda melini na kumwashiria amfuate. Fundi alifuata, akiwa ameshaanza kuuzoea ufagio moyoni.

Huko juu mkuu wa mizinga alilikumbatia gunia kwa mkono mmoja, akalinyanyua kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Chini yake palikuwa na boliti nne zenye kutu, hazijashika kitu. Alitembea nalo hadi nyuma ya meli, kwenye boliti nyingine nne, akalisimamisha, akarudi hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Huku nako tunataka mzinga mwingine," alisema. "Mtutu uwe mrefu kidogo."