Mwaka wa Nzige

Kila asubuhi Shaweji, fundi viatu, aliandika swali la historia ya mji kwenye ubao wake. Aliyejibu sawasawa alipigiwa viatu rangi bure. Siku hiyo aliuliza: Nzige waliingia mwaka gani?

"Themanini na mbili," alisema Mhina kinyozi.

"Themanini na mbili wewe ulikuwa unanyonya," alisema Shaweji.

"Nilikuwa nanyonya huku naona."

Watu wakacheka. Bi Mashavu alikuwa amekaanga vitumbua pembeni yao kwa miaka ishirini bila kujibu swali hata moja. Sasa akasema, bila kuinua uso, "Ni mwaka aliozaliwa Tunu wangu."

"Bibi, hapa tunataka tarakimu," alisema Mhina.

"Basi hesabu. Leo angekuwa na miaka thelathini na minne."

Kicheko kikakatika. Mtaa mzima uliamini kwamba Bi Mashavu hakuwahi kupata mtoto, na hakuna aliyewahi kumwita mama wa mtu. Shaweji akapiga hesabu kwa chaki kwenye kona ya ubao. Ikatoka themanini na sita, kama ilivyokuwa kwenye daftari lake.

"Umeshinda, Mama Tunu," alisema. "Lete viatu."

Kijiko kikasimama juu ya kikaango.

"Nimevaa kandambili," alijibu Bi Mashavu.

"Lete hizo hizo."

Akazivua, akarudi peku kwenye jiko kugeuza vitumbua vilivyoanza kuungua. Mhina akasubiri zamu yake, akiitazama brashi ikipita taratibu juu ya mpira usioshika rangi.