Fanksheni ya Ndiyo Mzee

Avelina alisukuma pembeni sahani ya ndizi. Msimbo wa kompyuta aliokuwa akiusoma ulikuwa umemtia kinyaa, hamu ya kula ikamwisha.

Alikuwa mmoja wa wanaojitolea kurekebisha kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, upande wa usalama wake. Fanksheni iliyokuwa mbele yake, kipande kidogo cha msimbo, ilikuwa na kazi moja: kukagua sahihi ya kila programu inayotaka kuingia kwenye kiini. Sahihi ikiwa halali, irudishe sifuri. Ikiwa ya kughushi, irudishe namba hasi. Hii ilirudisha sifuri kwa yeyote aliyebisha hodi. Ndiyo mzee, ndiyo mzee. Uchafu mtupu, tena umelala humo miaka na miaka, hakuna aliyeuliza.

Simu ikaita. Alikuwa Cleophace, mchumba wake, yuko Kayanga kwenye duka lake la kompyuta. Alimwambia ale kwanza, kazi haikimbii.

Mama yake, Pulkeria, aliyekuwa akigeuza kahawa uani, aliposimuliwa alicheka. Wanaume wanaohisi kwamba mchumba hajala wamebaki wangapi Karagwe? Na kompyuta yenyewe ni zawadi yake, kaiandaa kwa mikono yake. Juzi alilisifia hata gauni la posa, nalo lilikuwa bado halijatoka chumbani. Avelina alidhani mama ndiye aliyempasha habari.

"Jumamosi wazee wake wanakuja, waitu mwanangu," mama alisema kupitia dirisha. "Ukiulizwa utajibu nini?"

"Nitajibu ndiyo, mama," alisema bila kuinua macho.

Akairekebisha ile fanksheni irudishe ukweli. Akapitia kila sehemu inayoiita, akahakikisha nazo zinasikia ikisema hapana. Ilimchukua muda, na kila mstari ulimfanya asonye. Mwisho akakiunda kiini upya, akaizima kompyuta na kuiwasha.

Mstari mmoja mwekundu ukatokea: programu inayoendesha kamera ya kompyuta imekataliwa, sahihi ni ya kughushi.

Avelina akasonya tena. Bila shaka kuna mahali amekosea. Alikuwa ameanza kupekua kazi yake upya simu ilipoita.

"Mpenzi," alisema Cleophace, "mbona ghafla giza hapo mezani kwako?"

Dirishani, jua la saa nane mchana lilikuwa likikausha kahawa ya mama.