Upande wa Mama

Kitwana aliung'oa kwa bisibisi ule mpira uliopasuka nje ya dirisha la kushoto la gari lake. Kipande cha kanga kikatoka nao. Marehemu mkewe alikuwa akikisokomeza pale kila masika ili asilowe, na kila masika Kitwana alimjibu, "Nikipata fundi." Akausafisha mfereji uliokuwa umeshika mpira huo, akaukandamiza mpira mpya kwa kiganja mpaka ukashika.

"Umeshamaliza?" akauliza binti yake Zawena, akichungulia kutoka jikoni. "Mbona hata chai haijachemka!" Kisha akakiona kile kipande cha kanga. "Baba, mama alilowa miaka tisa."

Kitwana akachukua ndoo. Akaijaza, akayamwaga maji yote juu ya kioo. Kiti cha mkewe hakikupata hata tone.